Nusu Kopo la Unga

Kuku alikuwa bado hai wakati wenzake wakimla. Alisimama amebanwa kwenye nyaya za kizimba, macho yakipepesa, na nyuma yake kuku wawili walikuwa wakivuta utumbo wake kama watoto wanaogombania kamba. Supeno aliingiza mkono, akawapiga makofi wale wawili, akamtoa majeruhi na kumvunja shingo ili apumzike. Damu ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kabla hajaufunga mlango wa kizimba, wale wawili walikuwa wamekwisha kugeukiana, maana kila mmoja aliiona damu mdomoni mwa mwenzake.

"Astaghfirullah," alisema Supeno, akautupa mzoga kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa.

Wiki zile kitongoji kizima cha Sumberkepuh kilikuwa hivyo. Ukipita njiani asubuhi, badala ya zile kelele za furaha za kuku aliyetaga, ulisikia mayowe. Migongo ya kuku ilikuwa mitupu na myekundu. Wanawake walifukia mizoga nyuma ya mabanda, mbwa wakafukua.

Kila mfugaji alijua ugonjwa huu unatoka wapi. Kuku akikosa methionini haoti manyoya, na asipoipata ndani ya chakula huenda kuitafuta kwenye mwili wa jirani yake. Mahindi yako shambani, pumba ziko kinuni, lisini, kirutubisho kingine cha kuku, nayo inapikwa papa hapa Java kwa molasi ya miwa. Lakini methionini, ule unga mweupe unaonuka kama kabichi iliyooza, lazima uvuke bahari. Viwanda vinavyoutengeneza duniani ni vichache. Mwaka ule kimoja kilizima mitambo yake kwa ajili ya bei ya gesi, kingine kikaamua kuwauzia kwanza watu wa kwao, na meli nazo zikawa zinazunguka mbali kukwepa bahari yenye makombora. Habari hizo zote watu wa Sumberkepuh walizipata kwa Kasbolah, mchuuzi aliyewaletea unga kwa gari lake dogo la mizigo. Alikuwa akisimama katikati ya njia na kuwasomea bei kutoka kwenye simu, kama mtu anayesoma majina ya waliokufa ajalini.

"Imepanda tena, ndugu zangu. Msinitazame hivyo. Mimi sina kiwanda, nina gari bovu na mke mkali."

Mara ya kwanza walicheka. Baadaye hawakucheka tena.

Hapo ndipo Supeno alipoanza kupunguza. Kipimo cha kila mchanganyo kilikuwa kopo moja la maziwa, lililosawazishwa kwa kidole. Siku moja, akiwa peke yake mbele ya rundo la mahindi, alilijaza kopo hadi nusu, akalitazama, akamwaga. Kuku hawakusema kitu. Kesho yake akafanya vilevile. Hakumwambia mkewe Wagirah, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota mayai. Alijiambia ni mpaka bei ishuke tu.

Manyoya yalipoanza kudondoka, alijua. Lakini mabanda ya majirani nayo yakaanza kutoka damu, na majirani walikuwa wakiweka kipimo kamili, au hivyo ndivyo alivyoamini. Basi pengine kosa si langu, aliwaza. Pengine unga wenyewe ni mbovu. Mfa maji haachi kutapatapa, na Supeno alilikamata wazo hilo kwa mikono miwili, ijapokuwa yeye mwenyewe aliuonja unga ule siku alipoununua na ulimi wake ulimwambia kuwa ni mzima.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walibaki kwenye baraza ya msikiti. Jumangin alisimama. Huyu alikuwa na mabanda matatu na sauti ya kutosha mabanda sita.

"Kasbolah ametuchezea," alisema. "Ni unga wa muhogo ule! Tunawalisha kuku wetu uji wa wagonjwa."

"Lakini unanuka vizuri tu," alisema mzee mmoja.

"Harufu hata choo kinayo, baba. Utawapimia kuku chakula kwa pua?" Watu wakacheka kidogo. Jumangin hakucheka. "Mimi kopo langu linafurika. Na jana nimezika kuku karai zima. Kama yupo hapa anayepunguza kipimo, aseme sasa, tumjue, tusimwonee mtu."

Hakusema mtu.

"Basi tuape. Hapa hapa, udhu haujakauka miguuni."

Wakaapa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio waliokuwa wamekaa. Supeno alisikia kiapo kikimjia kama maji yanayopanda. Kilipomfikia, alitazama mikeka.

"Wallahi," alisema. "Kopo kamili."

Neno lilitoka jepesi. Hilo ndilo lililomtia hofu.

"Kesho anakuja," alisema Jumangin. "Atakayemwona kwanza, apige gogo."

Wote wakamgeukia Supeno. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukiingia kitongojini, na kibanda cha zamu chenye gogo la kuita watu kiko ubavuni mwake.

"Tutamuuliza tu," alisema mmoja, kana kwamba kuna aliyesema vinginevyo.

"Ndiyo," alisema Jumangin. "Tutamuuliza."

Gogo lile ni la mfenesi, limechimbwa tumbo, linaning'inia kwa kamba ya mnazi. Lina lugha yake. Likipigwa mfululizo bila kupumua, ni hatari: mwizi, moto, mafuriko, toka na ulichonacho mkononi. Kuna na pigo jingine, linaloanza polepole, likaongeza kasi kama mabawa ya njiwa anayeruka, kisha likafifia. Hilo ni la salama. Toka enzi za mababu, aliyepiga hatari ndiye mwenye kupiga salama, na likishapigwa, hakuna mkono unaoinuliwa tena. Kila mtu hushusha alichobeba na kurudi nyumbani. Mtoto wa Sumberkepuh hujifunza mapigo hayo kabla ya kujifunza kusoma. Na mtu aliyepiga gogo kwa uongo hasalimiwi mpaka anakufa.

Jumamosi jua lilikuwa limeshapanda Kasbolah alipofika. Aliegesha gari mbele ya kibanda cha zamu, akashuka na mfuko begani, anatabasamu.

"Kaka Supeno! Nimekuletea habari tamu kuliko mke wa pili. Meli imefika Surabaya. Bei imeanguka, Kaka! Imeanguka na kuvunjika kiuno!"

Supeno alisimama mlangoni. Ng'ambo ya njia, Jumangin alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe lake, ananoa mundu. Aliacha kunoa. Aliinua kidevu tu kuelekea kwenye gogo.

"Mbona umenuna, Kaka?" aliuliza Kasbolah. "Kuku bado wanapigana? Pole. Huu mzigo mpya, onja mwenyewe. Wewe ndiye pekee unayeonja humu, wengine wote wananusa kama paka."

Supeno alitembea hadi kwenye kibanda. Alikuwa akijiambia: watamuuliza, atajibu, yataisha. Alikuwa akijiambia: nisipopiga, watauliza kwa nini sikupiga. Alichukua kigongo cha kupigia, na mkono wake ukapiga hatari.

Kasbolah alizubaa. "Mwizi? Wapi?" Akageuka kutazama barabarani, awasaidie kumtafuta.

Walitoka mabandani, mashambani, jikoni. Walitoka na majembe, mianzi, panga la kukatia nyasi, na damu ya kuku ikiwa bado mikononi mwao. Jumangin ndiye aliyefika kwanza. Hakuuliza chochote. Alimpiga Kasbolah mdomoni kwa kipini cha mundu, na meno yakatoka na maneno aliyotaka kusema.

"Ndugu zang—"

"Ndugu yako nani?"

Mwanzi ukamshukia mgongoni. Akaanguka juu ya mfuko wa unga, mfuko ukapasuka, na ile harufu ya kabichi iliyooza ikapanda juu ya njia nzima. Kasbolah aliuchota unga kwa mkono, akauinua kwao.

"Nuseni! Kwa jina la Mungu, nuseni!"

"Kula mwenyewe!" Walimshika taya, wakamshindilia unga kinywani mpaka akatapika uji mweupe wenye nyuzi za damu. Mtu akamkanyaga vidole. Mwingine, ambaye Supeno alikuwa amesimama naye bega kwa bega katika sala ya jana, alikuwa akimpiga mateke ya mbavu taratibu, huku akihema, kama mtu anayetwanga. Kioo cha gari kilivunjwa. Gari likasukumwa, likainamisha pua yake mtaroni.

Hawakupiga kelele nyingi tena. Hilo Supeno alilikumbuka baadaye. Mwanzoni walitukana, halafu wakanyamaza, na kilichobaki kilikuwa sauti ya kupumua na sauti ya mti juu ya nyama. Waliona damu kwake wakaifuata. Ilipotoka mpya mahali, wote wakapaelekea hapo.

Ncha ya mwanzi ikamwingia Kasbolah jichoni. Mlio alioutoa haukuwa wa mtu.

Kisha, katikati ya miguu yao, uso wake ukageuka, na jicho moja lililobaki likamtafuta Supeno, likampata.

"Kaka," alisema. Midomo yake ilikuwa imechanika, lakini neno lilisikika. "Wewe ulionja. Waambie."

Supeno alifungua kinywa. Kiapo cha jana kilikuwa kimekaa mlangoni kama mwenye nyumba.

"Lete petroli ya mashine!" aliita Jumangin.

Dumu likaletwa kutoka kwenye kinu cha kuchanganyia chakula. Lilikwenda mkono kwa mkono, wala hakuna aliyekataa kulipokea. Lilipofika kwa Supeno, alilipokea naye, akampa aliyefuata. Mikono ilikuwa imeshafanya kabla moyo haujaamka. Petroli ikamwagwa. Kasbolah alianza kusoma shahada kwa sauti ya chini, akikatizwa na kikohozi. Na pale hapakuwa na mwanamume asiyevuta sigara za karafuu. Kila mfuko ulikuwa na kiberiti.

Mkono ukamshika Supeno kwa nyuma. Alikuwa Wagirah, mkewe. Kwenye mkono wa pili alikuwa na mfuko wa unga wa zamani, ule wa ndani ya banda lao.

"Baba Yatin," alisema, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. "Huu ulitakiwa uwe umekwisha zamani. Bado nusu nzima."

Supeno aliutazama mfuko.

"Nilidhani umenunua mwingine," alisema Wagirah. Kisha sauti ikampanda. "Umepiga gogo, Baba Yatin! Umepiga! Yule mtu anachomwa! Lipige tena au nitalipiga mimi, na Mungu atuone sote wawili!"

Supeno alikimbia. Hazikuwa hatua nyingi hadi kwenye kibanda, lakini aliziona ndefu kama za ndotoni. Kama angepiga kelele, nani angemsikia? Kwa hiyo hakupiga kelele. Alichukua kigongo na kupiga salama.

Alianza polepole, kama inavyotakiwa. Tok. Tok. Aliogopa ataharibu. Tok, tok, tok. Njiwa akatanua mabawa. Wale waliokuwa nje ya duara ndio waliosikia kwanza. Jembe moja likashuka. Mzee wa msikitini akaacha mwanzi uanguke, akautazama kama hajui ni wa nani. Miili yao ilisikia kabla ya vichwa vyao. Walikuwa wakilala usingizi kwa pigo lile tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao. Njiwa akaruka, akapaa, akafifia. Pigo lilipokwisha, walikuwa wamebaki wachache tu karibu na Kasbolah, na kiberiti mkononi mwa Jumangin, hakijawashwa.

"Nani kakuambia upige?" alisema Jumangin.

"Ni salama," alisema Supeno.

"Salama gani? Mwizi huyu hapa!"

"Hakuna mwizi." Sasa sauti ilimtoka, nyembamba, na akaiacha itoke ilivyo. "Unga ni mzima. Niliuonja. Mimi ndiye niliyepunguza. Nusu kopo, tangu bei ilipopanda. Kuku wangu mimi ndiye niliyewafanya walane. Jana niliapa uongo, nikiwa na udhu, mbele yenu nyote. Na leo nimepiga gogo la uongo."

Kuku walisikika kwenye mabanda yote.

Jumangin alimjia. Alikuja mbio kama fahali, na alichokuwa nacho usoni hakikuwa hasira peke yake. Kilikuwa kitu kilichofanana na hofu. Alimnyang'anya kigongo na kumpiga nacho. Supeno aliinua mkono, mfupa ukalia. Pigo la pili likamkuta sikioni. "Mwongo! Mwongo! Unatuaibisha! Mwongo!" Kila neno na pigo lake. Supeno alipiga magoti, na akiwa pale chini alisikia neno lile likirudiwa mpaka likakosa mwenyewe, mpaka hakujua tena Jumangin anamwambia nani.

Ni Wagirah aliyeingia katikati. Alimwagia Jumangin unga wote uliokuwa kwenye mfuko, usoni, machoni, kinywani. "Haya, onja! Onja wewe pia! Kopo lako si linafurika?"

Jumangin alisimama, mweupe kama maiti aliyeoshwa, anatema. Kigongo kikamdondoka. Wanaume walitazama chini. Hakuna aliyesema, "Hata mimi." Lakini pia hakuna aliyeinua jembe.

Walilitoa gari mtaroni. Wakambeba Kasbolah kwa shuka ya sarungi ya mmoja wao, wakamweka nyuma, juu ya mifuko ya unga, maana hapakuwa na kitu kingine laini. Supeno alipanda naye. Alikipakata kichwa chake kwa mkono mzima na kumfuta petroli asivute hewa yake. Alimwombea kwa sauti, dua zote alizozijua, na zilipokwisha akazianza upya. Karibu na mjini Kasbolah alifungua lile jicho.

"Kaka."

"Niko hapa."

"Ile salama." Alimeza damu. "Ulichelewa kuipiga."

"Nilichelewa."

"Usiniombee kwa sauti," alisema Kasbolah. "Kichwa kinauma." Akalifumba tena.

Hospitalini walimfunga Supeno mkono kwa plasta na kumwambia sikio halitarudi. Polisi walikuja, wakauliza nani alipiga. Supeno alisema, "Mimi ndiye niliyepiga gogo." Wakauliza nani mwingine. Alisema hilo waende wakawaulize wenyewe, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kila wakimwita. Waliandika jina lake peke yake. Mke wa Kasbolah, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbao, alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea kidogo ili Supeno apate pa kukaa.

Daktari alipotoka na kusema mgonjwa ataishi, yule mama alisujudu pale pale kwenye sakafu. Supeno naye alisujudu nyuma yake, mkono wa plasta ukiwa umenyooshwa pembeni kama bawa.

Alirudi Sumberkepuh jioni, amepanda pikipiki ya kukodi. Alishuka barabarani ili aingie kwa miguu, asionekane kama mgeni. Mbali bado, kabla ya kufika kwenye kibanda cha zamu, ilimfikia.

Harufu. Kabichi iliyooza. Alidhani ni ule unga uliomwagika njiani, lakini njia ilikuwa imefagiwa na kumwagiwa maji. Haikutoka njiani. Ilitoka upande wa kulia na upande wa kushoto, ilitoka nyumba ya kwanza na ya mwisho, ilikaa juu ya kitongoji, nzito kama moshi wa ubani wa mazishi. Na chini ya harufu kulikuwa na sauti: koleo. Katika kila banda mtu alikuwa akigeuza chakula, anakichanganya upya. Kuku walikuwa bado wanapiga mayowe. Manyoya hayaoti kwa siku moja.

Supeno alisimama. Miezi yote ile harufu haikuwa kali hivi, na yeye, mwenye ulimi wa kuonja, hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Mbele ya banda lake la kwanza, Jumangin alikuwa ameinama juu ya rundo la mahindi. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi mabegani, na kando yake kopo lilikuwa limejaa mpaka kilele.

"Assalamu alaykum," alisema Supeno.

Koleo likasimama. Mtu aliyepiga gogo kwa uongo hasalimiwi, wala salamu yake haiitikiwi. Jumangin alilichoma koleo ndani ya mahindi.

"Waalaykumu salaam," alisema. Hakuinua kichwa. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo Supeno ilibidi aigeuzie sikio lake zima: "Jicho?"

"Limekwenda," alisema Supeno.

Jumangin aliitikia kwa kichwa. Alilichukua kopo, akalisawazisha kwa kidole, akalimwaga lote juu ya mahindi.